Dakika Saba Kutoka Idunda

Mama aliyeingia ofisini kwangu na keni ya maziwa hakutaka kukaa. Nilimsogezea kiti, akakitazama, akanitazama mimi, kisha akaikalisha keni.

"Kamwene, mwanangu. Wewe ndiye unayeendesha ile mashine?"

"Kamwene, mama. Ndiye mimi. Naitwa Gaudensia Haule, mpanga umbali wa uwanja huu wa ndege."

"Mimi Winfrida Mligo, wa Ilawa. Nina swali moja tu. Njia yangu mmeipeleka wapi?"

Ilikuwa Jumatatu, saa nne na nusu asubuhi. Nje ya dirisha ndege yetu ndogo ya umeme ilikuwa imetua muda si mrefu kutoka Namiyonga, na wagonjwa sita wa figo walikuwa wakishushwa kupelekwa hospitali ya misheni kusafishwa damu. Nilikuwa nimeridhika na asubuhi yangu. Kila kitu kilikuwa kimekwenda kwa saa.

"Njia ipi, mama?"

"Ya kutoka kwetu hadi kituo cha maziwa, hapo nyuma ya uwanja wako. Nimeipita miaka thelathini. Ni njia ya rozari mbili. Naanza ya kwanza kwenye kizingiti changu, namaliza ya pili mlangoni pa kituo, hata sisikii uzito wa keni. Sasa hizi wiki tatu nasali matendo ya furaha, nasali ya mwanga, nasali ya uchungu, nasali ya utukufu, naanza tena ya furaha, na furaha yenyewe sina. Nikifika wamefunga. Kituo kinafunga saa tatu."

"Labda umechoka, mama. Umri nao..."

"Jumanne sichoki. Alhamisi sichoki. Nachoka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa." Alinyoosha kidole kuelekea dirishani, kwenye ndege. "Huyo naye anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mimi sikusoma sana, lakini siku za wiki nazijua."

Nilijua kabisa njia yake ilikuwa wapi. Ilikuwa kwenye jedwali langu, mstari wa nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nieleze kwa ambaye hajawahi kufanya kazi na mkunjo. Kati ya Idunda na Namiyonga, kwa mstari ulionyooka, kuna kilomita 338. Ndege yetu kwa mwendo wake ingetumia saa moja na dakika ishirini na tano, ila isingefika, kwa kuwa betri zake zinaishia kilomita sitini. Kwa hiyo umbali tunaukunja. Nguzo mbili, moja kila uwanja, zinavuta kilomita 310 na kuacha 28. Rubani anapaa, anameza mate, anatua. Dakika saba. Mkunjo naufunga saa moja asubuhi, natulia nao kwa muda wa saa mbili hadi uache kutikisika, na jioni saa kumi na mbili naufungua.

Sasa, umbali hauteketei. Ni kama kufagia chumba: taka hazifi, zinahama. Ukiutoa angani sharti uumwage mahali. Bahati nzuri kilomita za juu ni nyepesi, hamsini zikishuka ardhini zinakuwa moja. Zile 310 zetu ni kilomita sita na mita mia mbili za miguu. Sheria inataka zimwagwe kwenye njia isiyo na watu, au yenye watu walioridhia kwa maandishi. Njia haibadiliki sura wala hapaoti mlima, ila kila hatua inatua karibu kuliko mtu alivyokusudia. Unatembea, unatembea, na mti uliokuwa mbele yako bado uko mbele yako.

Njia ya Ilawa nilikuwa nimeipima mwenyewe mwaka uliopita. Nilikaa njiapanda siku tatu na daftari, kuanzia alfajiri hadi jioni. Hakupita mtu hata mmoja. Nikaandika: haitumiki. Wiki tatu zilizopita, ndege ilipoanza safari, nikazimwaga kilomita zote sita hapo.

"Mama," nikasema, "nipe dakika kumi nichukue gurudumu la kupimia. Tunakwenda wote."

Nikaenda kumwachia funguo bosi wangu, Bwana Adelhelm Komba, meneja wa uwanja, mtu mnene na mpole ambaye hakuna jambo duniani analoliogopa kama barua kutoka makao makuu. Aliniuliza nakwenda wapi na viatu vile. Nikamwambia nakwenda matembezi. Kwa wakati ule niliona huo si uongo mkubwa.

*

Viatu vile vilikuwa vipya, vya kisigino, na adhabu yangu ilianzia hapo.

Mama Winfrida alitembea mbele na keni yake kichwani, bila kuigusa hata kwa mkono mmoja. Mimi nilisukuma gurudumu langu nyuma yake. Tulishuka bonde la kwanza vizuri. Kwenye bonde la pili palikuwa na mkaratusi mmoja mkubwa, na ule mkaratusi ulikaa mbele yetu hadi nikaanza kuuchukia. Nilihesabu matawi yake. Nilijua kiota kiko tawi la ngapi.

"Huo," mama alisema bila kugeuka, "ukiupita ndio tunakuwa tumeanza."

Mpanga umbali anaona tarakimu, na hiyo ni raha ya kazi. Nilikuwa sijawahi kutembea ndani ya kilomita nilizozimwaga mwenyewe. Zilikuwa zinauma kisigino cha kushoto kuliko cha kulia.

Ili njia ipungue, mama alianza kunisimulia habari ya marehemu mume wake, Egno, na ng'ombe wao aliyeingia kanisani siku ya Kipaimara, askofu akiwa altareni. Ilikuwa habari ndefu yenye vijia vingi. Mara aache ng'ombe mlangoni aeleze ukoo wa katekista, mara arudi, mara amtukane ng'ombe kidogo. Nilicheka hadi gurudumu likaenda upande. Alipofika mahali Egno alipopiga goti kwanza mbele ya Sakramenti kabla ya kumshika ng'ombe mkia, nilisimama njiani nikashika mbavu. Na alipofika kwenye kile alichosema askofu, tuliona mabati ya Ilawa.

"Ajabu," alisema. "Habari hii sijawahi kuimaliza njiani. Huwa tunafika ng'ombe bado yuko kwenye mabenchi."

Nilitazama gurudumu. Kilomita kumi na mita mia mbili. Njia halisi ni nne kamili.

Kwa hiyo ilikuwa kweli, na ilikuwa yangu.

*

Nyumbani kwake alinipa chai ya maziwa, yale yale yaliyokataliwa. Majirani walipita kunisalimia. Nyumba kumi na tisa za Ilawa zinapeleka maziwa kituoni kila asubuhi, zote kwa njia ile. Nilikunywa chai huku ikinishinda.

"Mama, kuna jambo sharti niliseme. Mficha uchi hazai." Nikalisema lote: mkunjo, kilomita sita, daftari, siku tatu za njiapanda. "Na sielewi hadi leo. Nilikaa siku tatu, mama. Siku tatu nzima. Mtu hakupita."

Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini polepole.

"Njiapanda ya jiwe jeupe? Mwezi wa saba?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa na mwavuli wa bluu. Ukaletewa ugali na maharage kila mchana."

Nilikumbuka. Hata niliandika pembeni ya daftari: watu wakarimu sana.

"Ule ulikuwa msiba wa Egno," alisema. "Nani angepita? Siku tatu hakuna anayeshika jembe, hakuna anayekamua wala kwenda kituoni. Wewe si mtu wa Ludewa? Kwenu mtu akifa mnakwenda sokoni?"

Mimi ni mtoto wa milima hii. Kwetu akifa mtu hata kuku anajua kunyamaza. Nililetewa chakula cha msiba siku tatu mfululizo, nikakila, nikarudisha sahani, nikashukuru, na kichwani mwangu hakikuingia kitu zaidi ya safu ya sifuri. Nimewahi kufanya makosa, lakini hilo lilinifanya nitamani kujificha chini ya meza ya mwenye nyumba.

"Mimi ndiye niliyekuwa naagiza upelekewe chakula," aliendelea. "Nilikuona kwa mbali nikiwa nimekaa na wafiwa wenzangu. Nikasema, yule binti anamlilia marehemu kuliko ndugu zake, amekaa peke yake kule, haji hata kwenye moto."

Nikaanza kulia, sina sababu ya kuficha. Yeye alinitazama. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani naye analia, kumbe anacheka.

"Egno huyo," alisema, akifuta macho kwa kitenge. "Miaka arobaini nilimtwika maneno kwamba ananiongezea kazi. Amekufa, bado ananiongezea kazi."

Tulipotulia aliniuliza swali nililokuwa nikilikimbia tangu asubuhi.

"Ukiitoa njia yetu, wale wagonjwa?"

"Sheria inasema nikiripoti kosa, ndege inasimama hadi upimaji mpya. Miezi mitatu."

"Na wao wanaweza kukaa miezi mitatu?"

"Hata wiki mbili hawawezi, mama."

Aliinuka akaenda kuosha vikombe, na alichukua muda mrefu kuliko vikombe viwili vinavyohitaji. Aliporudi alisema, "Basi mimi siwezi kukwambia uiondoe. Na siwezi kukwambia uiache. Umenipa mzigo usio na kishikio, mwanangu."

*

Ilipofika alasiri akanisindikiza, kama ilivyo ada. Na jirani yake Ottilia akaja kumsaidia kunisindikiza, na mke wa katekista akaja kumsaidia Ottilia. Hatukupitia njia ya maziwa. Mgeni wa Ilawa hatolewi kwa njia ya kazi. Ana njia yake ya nyuma, inayotoka kwenye nyumba ya mwisho hadi daraja la mbao, na hapo daladala la jioni linapita. Ni mita mia tano tu.

Tulifika darajani kabla Ottilia hajamaliza hata kuuliza nimeolewa au la.

"Ona sasa," akalalamika, "njia hii haitoshi mazungumzo. Turudi kidogo."

Tukarudi hadi nyumba ya mwisho, tukageuka tena. Darajani nikaaga. Mke wa katekista akakumbuka salamu alizotaka nimpelekee mtu wa Idunda, salamu ambazo zilihitaji maelezo, kwa hiyo tukarudi tena. Mara ya tatu niliuliza kama ni kawaida.

"Kila mgeni," alisema Mama Winfrida. "Wakwe zangu walipokuja Pasaka tulikwenda na kurudi mara tano, hadi gari likawaacha wakalala. Waliopima njia hii hawakuwa na wageni."

Mimi nikasimama katikati ya daraja.

"Mama Winfrida. Mngepewa njia hii ndefu zaidi, mngekataa?"

"Ndefu kiasi gani?"

Nilipiga hesabu kwenye kiganja. Kilomita sita zote zingemuua mgeni. Lakini umbali hugawanyika kama mkate, na mashine yetu inaweza kuumega vipande hadi arobaini. Hakuna aliyewahi kuumega kwa sababu kumega kuna kazi ya makaratasi. Sita na mita mia mbili, gawanya kwa njia thelathini na moja za kusindikizia wageni.

"Mita mia mbili," nikasema.

Wanawake watatu walitazamana.

"Mita mia mbili," Ottilia alisema, "ni habari moja ya mkwe."

*

Kapteni Mwanaisha Chilumba alinikuta uwanjani saa kumi na mbili nikifungua mkunjo, miguu yangu iko ndani ya beseni. Alikuwa amewarudisha wagonjwa Namiyonga saa kumi, kisha akaja na ndege tupu kuiweka chaji kwetu, kama afanyavyo kila safari. Mmoja wa wale wagonjwa sita ni baba yake, Mzee Ajaba. Kabla ya ndege hii alikuwa akimleta kwa gari mara moja tu kwa wiki, siku mbili njiani, na kila safari akisali wafike.

Nilimweleza bila kuremba. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Mwanaisha ni mtu wa maneno mengi na utani mwingi. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Kwa hiyo baba yangu anapona kwa miguu ya yule mama," alisema.

"Kwa miguu ya nyumba kumi na tisa."

"Nawe ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

Aliizungusha kofia. "Sitakwambia uandike au usiandike, dada. Ukiniuliza kama rubani nitajibu hivi, ukiniuliza kama mtoto nitajibu vile. Niambie tu Jumatano nije au nisije."

Siku yote ile hakuna neno lililonichoma kama hilo.

Asubuhi ya Jumanne nikaiweka fomu ya kosa mezani kwa Bwana Komba. Aliisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna habari njema.

"Gaudensia. Wagonjwa sita. Upande wa pili keni za maziwa."

"Najua, bosi."

"Umeandika mwenyewe kwamba njia haina mtu. Muhuri upo. Kwa karatasi, njia haina mtu."

"Kwa karatasi. Mimi nimetembea nao, bosi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii tumeirefusha."

Alishika kichwa. Sikumlaumu. Usiku ule mimi mwenyewe nilikuwa nimeichana ile fomu mara moja kichwani kabla ya kulala. Ukiweka figo na maziwa kwenye mizani, mizani haisiti. Tatizo ni kwamba mtu aliyeiweka hiyo mizani ni mimi, na Mama Winfrida hakuulizwa. Angeulizwa labda angekubali. Ndiyo sababu ilikuwa vibaya kutomuuliza.

"Siombi ndege isimame," nikasema. "Ninaomba siku ya leo. Fomu ipelekwe jioni, pamoja na ridhaa za vijiji thelathini na moja."

"Kwa siku moja? Vijiji? Gaudensia, kijiji kimoja kupata mwenyekiti na muhuri mahali pamoja ni wiki."

"Vijiji vina simu, bosi. Na mimi nina Ottilia."

*

Kama serikali ingemwajiri Ottilia, tungekuwa mbali. Alikuja ofisini na Mama Winfrida saa mbili asubuhi, wote wawili wamekwisha kupeleka maziwa, kwa kuwa ilikuwa Jumanne. Alikuwa na ndugu, shemeji au mwanakwaya mwenzake katika kila kijiji cha milima ile. Yeye alipiga simu, mimi nilieleza, Mama Winfrida aliapa kwamba haiumi. Kabla ya saa nne picha ya kwanza ikaingia: karatasi ya Ilawa yenye majina na muhuri wa kijiji uliopigwa kichwa chini.

Halafu zikaanza kunyesha. Kijiji cha Mkiu kilikubali kwa sharti kwamba mita zao ziwekwe baada ya kilima, si kabla. Madope waliomba mia tatu badala ya mia mbili, wana vijana wengi wenye uchumba. Nikawaambia sheria ya mgawo ni sawa kwa wote, wakanung'unika. Kijiji kimoja, sitakitaja, kilikataa katakata. Mwenyekiti wao alishika simu mwenyewe.

"Binti, sisi wageni wetu tunataka waondoke upesi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe unataka tumwongezee njia ya kurudi nyuma?"

"Ni mita mia mbili tu, mzee."

"Hujawaona wageni wetu."

Saa saba tulikuwa na vijiji kumi na nane. Saa tisa, ishirini na sita. Bwana Komba, ambaye asubuhi alishika kichwa, sasa alishika orodha, na kila muhuri ulipoingia alitia alama kwa kalamu nyekundu huku akihema. Saa kumi na nusu tulikuwa na thelathini. Tukapiga simu zote zilizobaki. Mwenyekiti mmoja alikuwa harusini, mwingine muhuri wake umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko Makambako. Saa kumi na moja hapakuwa na mtu wa kupigiwa tena.

Tulipungukiwa mita mia mbili.

Nilikaa. Mashine haijui neno 'takribani'. Ukiiambia kilomita sita kamili ina maana ndege inabaki na kilomita kumi zaidi angani. Zingemezwa na akiba ya betri, lakini sheria haikubali mkunjo wenye baki. Bwana Komba alitoka nje kupunga upepo, nikamwona kupitia dirisha akitembea kutoka chumba cha abiria hadi ndege ilipoegeshwa ikichajiwa, na kurudi, na kwenda tena. Mita themanini hivi. Mwanaisha alikuwa pale akikagua tairi, na bosi akifika anasema neno, akigeuka anakumbuka lingine, anarudi.

Mama Winfrida naye alikuwa dirishani. "Wale wanasindikizana," alisema.

Nilichukua simu ya upepo. "Kapteni, mpigie baba yako. Naomba nimuulize jambo, yeye na wenzake watano."

Sauti ya Mzee Ajaba ilikuja kwa mikwaruzo kutoka Namiyonga. Nilimweleza kuwa njia ya kutoka chumba cha abiria hadi mlango wa ndege ingeongezeka mita mia mbili, wao ndio watumiaji wake, na wana haki ya kukataa kwa kuwa ni wagonjwa. Wenye vigari watasukumwa.

Alicheka, kicheko chembamba. "Binti yangu, miaka miwili mimi ni mzigo. Napakiwa, nashushwa, nafungwa mkanda. Hakuna aliyewahi kunisindikiza. Tuandikie majina yote sita, sahihi tutazituma kwa picha. Ukitaka andika mia tatu."

*

Fomu ikaenda jioni ile na ridhaa thelathini na moja, na makosa yangu ukurasa wa kwanza. Majibu yalirudi usiku ule ule, haraka kuliko nilivyopenda. Mkunjo mpya umekubaliwa. Ndege iruke. Gaudensia Haule ameondolewa kwenye kiti cha mpanga umbali kwa miezi sita kwa kosa la upimaji, na katika muda huo atapewa kazi nyingine uwanjani kwa hiari ya meneja.

Bwana Komba aliisoma kwa sauti ya msibani. Halafu akakunja barua.

"Hiari yangu ni hii. Mkunjo nitaufunga mimi. Njia ya kwenda ndegeni sasa ni ndefu, na inahitaji mtu wa kusukuma vigari."

Nilikasirika nusu siku. Kiti kile nilikipenda. Lakini Jumatano asubuhi, saa mbili na dakika hamsini, nikamwona Mama Winfrida akipita nyuma ya uwanja na keni kichwani, midomo yake ikimalizia rozari ya pili. Mlango wa kituo ulikuwa wazi. Hakunipungia mkono, alikuwa kwenye Salamu Maria ya mwisho. Hasira yangu ikaisha hapo hapo.

Saa kumi jioni alikuja kuona. Alileta chupa ya maziwa kwa Mzee Ajaba. Daktari alikuwa amemkataza mzee maziwa, kwa hiyo akampa Mwanaisha. Mimi nilishika kigari cha mzee, mama akatembea ubavuni mwake, na tukatoka kwenye chumba cha abiria kuelekea ndege.

Ilikuwa pale pale, mita themanini, mabawa yanang'aa. Tukatembea. Ikabaki pale pale. Mzee Ajaba akageuka kunitazama, macho yamemtoka kwa furaha.

"Haisogei," alisema.

"Ndiyo hivyo, mzee," Mama Winfrida akamjibu. "Sasa sikiliza. Nilikuwa na mume, anaitwa Egno, na Egno alikuwa na ng'ombe."

Alianza na mlango wa kanisa. Alipitia ukoo wa katekista. Mzee wa Namiyonga, ambaye hajawahi kuona Kipaimara, aliuliza maswali mengi na ya maana, hadi tukasimama mara mbili njiani ajibiwe. Ng'ombe alikuwa amefika kwenye ngazi ya altare, na Egno amepiga goti, tulipofika sisi kwenye ngazi ya ndege.

"Askofu akasemaje?" mzee aliuliza.

"Baba, tunachelewa," Mwanaisha aliita.

Nikamfunga mkanda. Mlango ukafungwa, ndege ikapaa, ikawa doa juu ya milima, ikatoweka. Mama Winfrida na mimi tukageuka kurudi, kigari tupu mbele yetu, taratibu. Alinieleza kwamba Egno angeipenda ndege hii, angetaka kumpandisha ng'ombe. Kisha akasema anamkumbuka. Nikamshika mkono. Chumba cha abiria kilikuwa bado mbali, na safari hii sikukichukia kwa hilo.

Hatujafika, simu ya upepo ikakwaruza kiunoni mwangu.

"Idunda, Idunda, hapa Namiyonga. Tumetua salama, dakika saba." Ilikuwa sauti ya Mwanaisha, na utani wake ulikuwa umerudi. "Dada, kuna abiria amegoma kushuka. Anasema mpaka aambiwe askofu alisemaje."

Nilimpa mama simu. Aliishika kama kikombe, akafikiri.

"Mwambie nitamwambia Ijumaa," alisema. "Aje."